Roboti Asiyejua Kubisha Hodi

Ninalipwa mshahara kwa kubofya vitufe ambavyo sivibofyi. Njia fupi zaidi ya kuieleza kazi yangu sijaipata, na hata hiyo iliniponza kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, mjomba aliponikazia macho mbele ya wajumbe akitaka kujua kijana aliyesomeshwa kwa mihogo ya Muheza anafanya nini hasa huko Dar es Salaam. Nikamweleza kwamba ninaandika skripti, yaani maagizo yaliyopangwa mstari kwa mstari. Skripti inafungua kivinjari, inaingiza nenosiri, inajaza fomu, inabofya "Tuma", kisha inaniletea taarifa kama mfumo ni mzima au umeharibika.

"Kwa hiyo kompyuta inajitumia yenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na wewe wakati huo?"

"Ninaitazama."

Akatafakari, kisha akapendekeza niwe mweka hazina wa kamati. Alisema mtu anayelipwa kwa kutazama vitu bila kuvigusa ndiye anayefaa kukabidhiwa michango.

Chimbuko la kazi yenyewe si la kutisha. Mwaka 2004, jijini Chicago, Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks alikuwa akishughulikia mfumo wa ndani ambao wafanyakazi walijazia saa zao za kazi na madai ya gharama. Kila kitu kidogo kikibadilishwa, ilibidi mtu apitie kurasa upya, abofye, atazame, kisha arudie kwenye kivinjari kingine. Huggins akaandika programu ya kumbofyea. Ikaitwa Selenium, kwa utani: mshindani mkubwa sokoni wakati huo alikuwa Mercury, jina la zebaki, na madini ya seleni yanasifika kwa kupunguza sumu ya zebaki. Ndiyo kusema taaluma yetu ilizaliwa na fomu ya madai ikalelewa na kejeli. Mtu yeyote aliyewahi kudai posho ya safari ataelewa kwa nini ilikua haraka.

Sisi tunatengeneza mfumo wa SACCOS: wanachama, hisa, mikopo, marejesho. Ofisi iko Mwenge, ghorofani, na skripti zangu zinaishi kwenye kompyuta iliyo pembeni, karibu na birika. Kasoro yao kubwa ni kukosa malezi. Mstaarabu akifika kwa watu hupiga hodi, akasubiri karibu, ndipo avue viatu. Skripti inaingia moja kwa moja hadi sebuleni. Ukurasa unapofunguka, mwanadamu hukiona kile kiduara kinachozunguka, akashika kikombe chake, akanywa fundo moja. Skripti haina habari na kiduara. Inataka kukibofya kitufe ambacho hakijazaliwa, inakikosa, inazira, na inaandika waraka mrefu wa malalamiko kwa wino mwekundu.

Dawa ya kienyeji ni kuiamuru ilale. Unaandika mstari: lala sekunde tano. Ikikwama tena, lala kumi. Ofisini dawa hiyo ilisambaa bila cheti cha daktari. Kila aliyepita kwenye skripti aliongeza usingizi wake kidogo, "kwa usalama". Majaribio yaliyokuwa yakiisha kabla chai haijapoa yakawa yanavuka saa ya chakula. Siku moja mkuu wetu aliingia akakuta kioo kimetulia, hakuna kinachosogea.

"Inafanya nini hii?"

"Inasubiri, mkuu."

"Kumbe mmeifundisha vizuri tabia za hapa."

Dawa ya hospitali ni tofauti: unaiambia skripti isihesabu sekunde, bali ichungulie hadi kitufe kionekane na kiwe tayari kupokea mbofyo, ndipo iendelee. Kitufe kikijitokeza upesi, inaendelea upesi. Kikichelewa, inavumilia hadi kikomo ulichoiwekea. Zana za siku hizi, kama Playwright ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2020, huja na adabu hiyo tumboni. Kabla ya kubofya, hukagua kwamba kitufe kinaonekana, hakichezi, hakijafunikwa na kitu kingine, na hakijazimwa.

Pamoja na hayo, yapo majaribio vigeugeu: asubuhi yanapita, mchana yanaanguka, jioni yanapita tena, na hakuna aliyegusa herufi moja. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiwango fulani cha ukigeugeu. Niliposoma hivyo nilimtumia mkuu haraka, nikidhani nimepata wakili. Akajibu kwamba Google wana hela za kugharamia ukigeugeu wao.

Kero nyingine ni kuielekeza skripti ilipo kazi. Zamani tuliielekeza kwa maandishi ya kitufe: tafuta palipoandikwa "Save". Mteja akataka mfumo wote uwe wa Kiswahili, jambo la heri kabisa. "Save" ikawa "Hifadhi", na siku hiyohiyo majaribio yote yakaanguka kifudifudi kwa sababu ya uzalendo. Tukaamua kuielekeza kwa mahali: nenda kwenye mwili wa ukurasa, kisanduku cha tatu, bofya kitufe cha kwanza. Hapo palikuwa pa "Hifadhi".

Ilipokaribia Idi, mwenzetu anayeshughulikia mwonekano alipachika juu ya ukurasa kisanduku kizuri chenye mwezi mwandamo na maneno "Eid Mubarak". Visanduku vyote vikasogea hatua moja. Cha tatu sasa kikawa orodha ya wanachama, na kitufe chake cha kwanza kilikuwa "Futa". Skripti ikaja kama ilivyozoea, ikabofya. Ujumbe wa kijani ukatokea: "Imefanikiwa". Kwa kuwa iliagizwa kuutafuta ujumbe huo tu, ikaandika ripoti safi kwamba mwanachama mpya amesajiliwa. Kila siku iliondoa mwanachama mmoja wa kubuni na kushangilia ongezeko. Ilikuja kulalamika orodha ilipobaki tupu, pasipo na wa kufutwa. Katika kipindi hicho chote ripoti zetu zilikuwa za kijani kibichi, na mkuu alishazionyesha kwa mteja kama kielelezo cha ukuaji.

Siku hizi kila kitufe muhimu kina alama yake ya siri ndani ya msimbo, ambayo haiguswi na tafsiri wala sikukuu. Na skripti ikisajili mtu, inakwenda kwenye orodha kumtafuta kwa jina, ijiridhishe kwamba yupo.

Hapo kwenye jina ndipo tulipokutana na Kanda ya Ziwa. Wanachama wetu wa majaribio walikuwa na majina mepesi, akina Asha na Juma. Tulipoongeza majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w, utafutaji ukafa papo hapo. Lugha tuliyotumia kutafutia vitu kwenye ukurasa, XPath, hufunga maneno kwa alama za nukuu. Skripti ilipoona ile ritifaa ikadhani jina limeishia hapo, na kilichobaki ni matusi. Toleo la kwanza la lugha hiyo halina hata njia ya kuikwepesha ritifaa ndani ya nukuu za aina hiyohiyo. Ama ubadili nukuu, ama ulikate jina vipande na kuliunga upya. Mkuu, ambaye kwao ni Shinyanga, alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho, akasema kwamba bibi yake ameishi na jina hilo miaka yote bila kukatwa vipande.

Kisha ukaja mgawo wa umeme. Mchana umeme haukuwa na dalili ya kuwepo, kwa hiyo tukahamishia majaribio usiku wa manane. Jaribio la marejesho ya mkopo, ambalo mchana lilikuwa halina doa, likawa linaanguka kila usiku. Ukilirudia saa kumi alfajiri, linapita. Wapo waliopendekeza tuitishe dua. Sababu ilikuwa kwenye seva, ambayo inafuata saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, Dar es Salaam tumeshaingia siku mpya ilhali seva bado iko jana. Kivinjari kilituma malipo yenye tarehe ya leo, seva ikayakataa: tarehe ya malipo haiwezi kuwa ya kesho. Tulipomweleza mkuu, hakuuliza lolote kuhusu saa. Alichotaka kujua ni tangu lini mkopaji wa Kitanzania akalipa siku moja kabla, na kama haikutosha hiyo kuitilia shaka skripti.

Lakini tukio ambalo bado linasimuliwa kwa sauti ya chini ni la malipo kwa simu. Kwa kawaida tunajaribia kwenye huduma ya maigizo, inayojibu "amelipa" bila shilingi kutembea. Kuna siku mpangilio mmoja ulielekezwa kwenye huduma halisi, na namba ya simu iliyokuwemo ilikuwa ya mkuu mwenyewe, aliyeitoa wakati wa kujisajili. Alikuwa Moshi, msibani. Skripti ikaomba malipo. Simu yake ikalia: weka namba ya siri kulipa shilingi 1,000. Asipojibu, skripti inajaribu tena, kwa sababu tuliifunza uvumilivu. Simu ikalia kwenye sala, ikalia makaburini, ikalia kwenye rambirambi. Mtu aliyeishi Tanzania katika enzi za "ile pesa tuma kwenye namba hii" hahitaji maelezo zaidi. Alipiga huduma kwa wateja, akafungiwa laini, kisha akatumia simu ya mkewe kutupigia ofisini.

"Vijana, kuweni macho. Kuna genge linataka kutuibia, na wanaonekana wana vifaa."

Tukamshukuru kwa tahadhari. Mmoja wetu alinyoosha mkono taratibu akazima kompyuta iliyo karibu na birika. Genge hilo halijasikika tena.

Mtu akisikia hayo anaweza kudhani skripti ni tapeli. Hapana, ni mkweli kupita kiasi. Kanuni za kuendesha vivinjari kwa programu, zilizopitishwa na W3C mwaka 2018, zimeweka alama maalumu ambayo kwayo kivinjari huiambia tovuti waziwazi: ninaendeshwa na mashine. Sisi wenyewe tuliweka kwenye ukurasa wa kuingilia lile swali la "thibitisha kwamba wewe si roboti", na mtu wa kwanza kuzuiwa alikuwa roboti wetu. Ilibidi kwenye mazingira ya majaribio tuliondoe swali, maana mashahidi wasiojua kusema uongo hawana kazi wanayoweza kuifanya hapo.

Hata Huggins hakuishia kwenye kivinjari. Mwaka 2011 alionyesha roboti mwenye kidole halisi, kinachogusa kioo cha simu, na akakitumia kucheza Angry Birds. Nilidhani ni mzaha hadi nilipokutana na kidole cha mama mhasibu.

Mama huyu ni wa upande wa mteja. Alikuja ofisini kuukagua mfumo kabla haujapokelewa, siku ambayo ripoti zetu zilikuwa kijani kuanzia juu hadi chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi, akavaa miwani, akaingiza rejesho la mwanachama, akabofya "Tuma" mara mbili, ka-ka. Marejesho mawili yakaingia. Akarudia: ka-ka. Mengine mawili. Mama huyu alijifunza kompyuta zama za kufungua mafaili kwa mibofyo miwili, na tangu hapo hajaona sababu ya kukipa kitufe chochote mbofyo mmoja. Skripti zetu, katika usiku wote ule wa kazi, hazikuwahi kubofya mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyeziagiza. Zilijaribu kila tulichokiwaza. Mama alijaribu mazoea yake, na mazoea ya watu hayapatikani kwenye orodha ya mahitaji.

Kwa hiyo tulirekebisha. Kitufe kinajizima kikishabofywa, na seva inakataa ombi la pili lenye kumbukumbu ileile. Nikaandika jaribio jipya linalobofya ka-ka kila mahali, nikaliita kwa jina lake, nikamwonyesha kwenye kioo likikimbia. Alifurahi sana. Akaivua miwani.

"Mwanangu, kwa hiyo huyo mimi wa kwenye kompyuta anafanya kazi?"

"Kila usiku, mama."

"Usiku?"

"Usiku, mama. Hata Jumapili."

"Hebu niambie sasa," akasema, akichukua kalamu na daftari lake la mahesabu, "posho yake ya usiku mnamlipa nani?"