Boti ya Bei ya Kutupa

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, boti kuukuu ya aluminiamu huuzwa kwa bei inayomfanya mtu aliyekulia Mombasa adhani muuzaji amerukwa na akili. Jimbo hilo lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na nyuma ya gereji nyingi pamelala boti kifudifudi ikimngoja mnunuzi. Safari hii mnunuzi alikuwa nesi wa zamu za usiku, mwana wa mvuvi, aliyejihesabu fundi kwa urithi.

Muuzaji hakumficha kitu. "Inavuja kidogo," alisema.

Boti hizi zina nasaba nzuri. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, waunda ndege walibaki na mabati, ribiti na mafundi wasio na kazi. Grumman, waliounda ndege ya kivita ya Hellcat, wakaanza kutengeneza mitumbwi ya aluminiamu mwaka 1945. Huko Minnesota, Alumacraft ilifuata mwaka 1946, na mwaka 1948 Howard Lund akaanzisha kiwanda chake katika mji wa New York Mills. Nesi aliwasimulia wageni wote historia hiyo, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Kutafuta matundu ni kazi ya kinyumenyume: boti hupandishwa kwenye trela, ikatiwa maji, kisha mtu akazunguka kwa nje akiweka alama kila panapotona. Hutiwa maji kiasi tu, maana lita moja ni kilo moja, hesabu ambayo nesi alipaswa kuijua kuliko mtu yeyote pale mtaani. Yeye aliacha bomba likimimina, akaingia ndani kunywa chai. Tairi kuukuu la trela likapasuka kwa kishindo.

"Baba Neema," mkewe aliita kutoka dirishani, "hiyo ni boti au tangi?"

Akaamua kuziba matundu kwa moto. Hapo ndipo aluminiamu huwaumbua wengi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya 2,000. Mwenye tochi ya gesi hukaa akingoja utando ulainike, kumbe bati lililo chini yake limeshakuwa uji. Tundu la punje ya mtama likageuka tundu la kupitisha kidole.

Jirani, mzee mstaafu, hakuvumilia tena kutazama. Akaeleza kwamba ribiti iliyolegea hukazwa: mmoja hujilaza chini akikandamiza kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti, mwingine hukaa ndani ya boti akigonga nyundo. Wawili hao hawaonani. Mke na mume walishika zamu, na jioni nzima mtaa ukasikia: "Gonga!" "Nimegonga!" "Si hiyo, ya pili!" "Ya pili kuanzia wapi?" Mafundi wa ndege za vita walifanya kazi hiyohiyo, ila wengi wao hawakulala kitanda kimoja baadaye.

Chini ya kiti cha nyuma palipatikana tundu lisilohusiana na ribiti, la mviringo kama limechorwa kwa bikari. Pembeni yake ilikuwa imeganda senti moja. Senti za Marekani za kabla ya 1982 zilikuwa na shaba asilimia 95, na shaba ikilala juu ya aluminiamu ndani ya maji ya ngama, hapo pamezaliwa betri inayoila aluminiamu. Nesi alikuwa ameshanunua ubao wa tezi uliotiwa dawa ya shaba ili usioze. Akaurudisha dukani, akanunua plaiwudi ya baharini kwa bei iliyokaribia ya boti yenyewe.

Siku ya kushusha chombo ilifika. Sheria ya Minnesota inataka kizibo cha ngama kiondolewe boti inaposafirishwa barabarani, ili kome vamizi wasihamishwe ziwa hadi ziwa. Nesi alitii sheria. Boti ikaelea, akapanda, na maji yakamfika vifundoni huku akizilaani ribiti moja baada ya nyingine. Kizibo kilikuwa kwenye mfuko wa suruali aliyoivua nyumbani.

Ilipovutwa nchi kavu ikiwa na maji tele, mzee jirani aliizunguka polepole, akainama, akapapasa. Ribiti mbili tu ndizo zilizotona. Akatoa kalamu ya wino mzito, akaziwekea alama.