Inchi Zote Hizi

Msimamo wangu unajulikana kijijini kwetu Nyarero kote, kuanzia kwa mama wa chapati mpaka kwenye josho la ng'ombe: simu ikishakuwa kubwa, kishikwambi cha nini? Kioo unacho. Kamera unayo. Tochi ipo, redio ipo, inapiga, inapokea. Halafu mtu akwambie uongeze libao lingine ambalo hata mfukoni haliingii. La nini bana? La kupepelea jiko?

Nikifika hapo kwenye mfuko ndipo watu wanaanza kucheka. Maana na simu yangu haiingii.

Ngoja nilieleze hili la mfuko, limepotoshwa sana. Suruali zangu zilishonwa enzi za simu ndogo. Nikitumbukiza simu, nusu inabaki nje inachungulia. Ukipanda boda inataka kuruka. Ukikaa inakuchoma kwenye nyonga. Nikapeleka suruali kwa fundi cherehani, nikamwambia niongezee mfuko urefu. Akasema hamna shida, ila kitambaa cha kufanana hana. Akaungia kitenge. Kitenge chenyewe chekundu, kina kuku. Nikasema potelea mbali, mfuko uko ndani, nani atauona?

Msibani. Nimekaa na wazee, nimetulia, simu ikaita. Nikavuta. Ikaja na mfuko wake. Kuku wote nje. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akanyamaza, akaniangalia kuanzia kiunoni kushuka chini, akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri: "Mura, hiyo si nguo ya mkeo?"

Na la pua nalo nilieleze, manake najua utaniuliza. Usiku nalala chali, naangalia video za watu wanaojenga nyumba ambazo sitajenga. Mikono ikachoka. Simu ikashuka. Jirani, hizi simu za siku hizi zina betri nene, zina kioo juu, kioo chini, halafu umezivisha kava la mpira ili zisiumie. Isiumie yenyewe! Asubuhi pua imejaa. Kwetu huku mwanamume akitoka nyumbani na pua imevimba kila mtu anataka kujua kilichotokea, na kila mtu ana jibu lake tayari. Nikasema nimepigwa teke na ng'ombe. Wakauliza, ng'ombe gani? Kijiji kizima kinajua mimi nina mbuzi. Na hao mbuzi wenyewe wamepungua, wengine ndio hii simu.

Sasa adui yangu katika hili ni mke wangu. Mwalimu wa msingi. Yeye kishikwambi anacho, tena hakukinunua. Unakumbuka sensa ya tarehe 23 Agosti 2022? Ile ya 2012 makarani walizunguka na makaratasi. Hii ya 2022 wakaja na vishikwambi, wanagusa kwa kidole, umeshahesabiwa. Tukatoka Watanzania 61,741,120. Baada ya kuhesabu, Serikali ikasema sasa hivi vifaa tuvifanye nini, vikagawiwa kwa walimu. Mwalimu wangu akarudi nacho nyumbani amekifunga kwenye kanga, utadhani kichanga. Nikacheka sana siku ile. Nikamwambia mwalimu, umepewa dirisha. Yeye akaniambia, "Baba watoto, usikiguse." Basi.

Na yeye simu kubwa hana. Hataki. Anatembea na kitochi cha vitufe, kile kinachokaa na chaji mpaka unasahau chaja uliiweka wapi. Laini yake iko humo. Hela yake iko humo. Akitaka kutuma, nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli, amemaliza, mimi bado natafuta bando ili programu ya kutuma hela ifunguke. Nikamuuliza, sasa mwalimu mzima unatembea na kitochi, huoni aibu? Akaniuliza yangu ina asilimia ngapi. Sikujibu. Ilikuwa imezima.

Nikaenda kutafuta mtu wa kunitetea. Mpwa wangu ni fundi simu, ana kibanda, ana blowa ya kuyeyushia risasi, anajua kila kitu. Nikamwambia mpwa, niambie ukweli, simu kubwa imeua kishikwambi au haijaua? Akaanza historia. Kumbe Steve Jobs wa Apple, mwaka 2010 alipotoa iPad, mwaka huohuo alisema simu kubwa isiyoshikika vizuri mkononi hakuna atakayeinunua. Akasema tena vishikwambi vidogo vya inchi 7 vitafika sokoni vikiwa vimekufa. Mwaka 2011 Samsung wakatoa Galaxy Note, inchi 5.3, watu wakaicheka, eti mtu anaongea na kigae. Ikanunuliwa. Mwaka 2012 Apple wenyewe wakatoa iPad mini, inchi 7.9. Mwaka 2014 wakatoa iPhone 6 Plus, inchi 5.5. Jobs alikuwa ameshafariki tangu 2011, hakuyaona hayo.

Nikamwambia unaona? Wakubwa wote hawa wamesema hivi wakafanya vile. Mimi nimesema kitu kimoja tangu mwanzo na hakuna anayeninunulia hata soda.

Mpwa akasema, "Subiri mjomba." Akaenda kwa yuleyule fundi cherehani wa kuku kuazima tepu. Hapo ningeondoka. Akaninyooshea simu mezani, akapima kona kwa kona, mshazari. Inchi 6.8. Nikajipigapiga kifua. Akasema inchi za kioo hupimwa hivyo, mshazari, wala si upana, na hapo ndipo wanunuzi tunaliwa. Watengenezaji waliona simu ikipanuka mkono utashindwa, kwa hiyo wanairefusha. Inchi zinapanda, upana uko palepale. Akapima urefu wa kioo: sentimita 15.7. Upana: sentimita 7 na kidogo. Akaniambia kile kishikwambi cha kwanza cha Samsung, Galaxy Tab ya 2010, cha inchi 7, kioo chake kilikuwa kifupi kuliko cha simu yangu, ila kiliizidi upana kwa karibu sentimita 2. Nikasema si ndiyo nilichosema? Nina kishikwambi tayari! Akasema ndiyo mjomba, umekikatia mbavu. Halafu akapiga hesabu ya kishikwambi cha kawaida cha inchi 10: eneo la kioo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya langu. Inchi zimeongezeka tatu tu na ushee, eneo limekimbia hivyo. Mimi hesabu za eneo nilikosa siku ile zilipofundishwa, nilikuwa nachunga. Sikubishana.

Lakini nimeyaona kwa macho. Mtoto wetu wa darasa la nne alikuja na swali. Mwalimu yuko shule na kishikwambi chake. Nikasema leta, baba yupo. Taasisi ya Elimu wameweka vitabu vya kiada kwenye mtandao, nikafungua. Ukurasa mzima ukaingia kwenye kioo changu, nikafurahi, ila maandishi hayasomeki hata kwa miwani ya mzee jirani. Nikavuta kwa vidole viwili. Yakawa makubwa, ukurasa ukakimbia. Nasukuma kushoto, naona mwisho wa mstari. Nasukuma kulia, naona mwanzo wa mstari mwingine. Mwishowe nikakamata kipande kinachosema amebakiwa na ng'ombe wangapi. Waliopungua sikuwaona, walikuwa juu. Nikamwambia mtoto andika: inategemea wamelipwa mahari au wameibiwa. Akaandika. Daftari limerudi na kosa jekundu na neno "mzazi aje". Aliyeandika ni mke wangu. Tunalala nyumba moja, ananiita kwa daftari.

Usidhani simu haina faida. Ina faida kwa watu wengine. Siku ya Simba na Yanga, umeme umekatika, kibanda umiza kimefungwa, nani mwenye kioo kikubwa? Mimi. Tukaiegemeza kwenye kopo la sukari pale dukani. Bando langu. Chaji yangu. Wakaanza kujaa. Mtu mmoja mbele, wawili, kumi, kila mmoja anasema sogea kidogo. Mpaka kipindi cha kwanza kinaisha mimi nimekaa nyuma ya mwenye koti kubwa, naangalia mechi kwa kusikiliza wenzangu. Bao likaingia. Nikauliza nani kafunga. Wakaniambia nyamaza, unapiga kelele.

Nilishuka Tarime mjini kwa ajili ya prote mpya ya kioo, maana ya zamani ilipasuka pale puani. Kwenye gari tulibanana, simu nimeipakata. Dukani nikaona kabati limejaa simu, zote ndefu zaidi ya yangu, nikaumia moyo. Vishikwambi? Viwili, kwenye kona, kimoja cha watoto kina kava la mpira la rangi ya waridi. Muuzaji akaniambia hivyo mtu wa kawaida haulizii. Anayeulizia ni mtu wa mradi, mtu wa halmashauri, mtafiti anayezunguka na madodoso, na akija anataka risiti. Hapo nikakaa sawa. Nimeelewa kitu, na hili nalisema bila kupimwa na tepu: mtu akitoa hela yake mwenyewe ananunua simu. Kishikwambi kinanunuliwa na anayetumia hela ya ofisi. Kwa hiyo mtaani nimeshinda mimi. Tatizo ni kwamba mimi silali mtaani.

Nikarudi na hoja hiyo mpaka nyumbani. Nikaongeza na nyingine ya kumaliza kazi: mwalimu, wenye iPad walingoja WhatsApp yao maalumu tangu 2010 mpaka Mei 2025. Miaka kumi na tano! Kifaa gani kinaishi miaka kumi na tano bila WhatsApp yake? Nilitegemea atakosa neno. Akasema, "Ndiyo maana wenzako wanamaliza kusahihisha." Kweli, kishikwambi chake hakiiti. Hakuna kundi la kwaya linalotuma picha za maua saa kumi na moja alfajiri. Hakuna shemeji anayetaka kukopa. Kinakaa juu ya kabati, kinashushwa, kinafanya kazi, kinarudi. Yangu ndiyo inayoita, na ikiita ni mtu anataka hela, na hela yenyewe iko kwenye kitochi cha mke wangu.

Mpwa anasema nisikate tamaa. Septemba 2024 Huawei walitoa simu inayokunjwa mara mbili, Mate XT, ukiikunjua yote inafika inchi 10.2. Hiyo sasa ni simu na kishikwambi kwa pamoja, hakuna atakayenicheka. Nikamuuliza bei. Kule China ilianzia yuan 19,999. Nikamwambia nigeuzie kwa mbuzi. Akahesabu, akahesabu, akaniambia mjomba, kwa hiyo simu utahamia kwenye ng'ombe, na ng'ombe huna. Halafu akaniuliza, kwa heshima kabisa, ikianguka usoni ikiwa imekunjuliwa itakuwaje.

Wiki hii mwalimu yuko semina Musoma. Kishikwambi amekiacha kwa ajili ya watoto kusoma. Ameweka namba ya siri, mimi hakunipa. Aliyepewa ni kitindamimba. Jana jioni umeme haukuwepo, simu yangu imezima tangu mchana, nikasema niazime kidogo niangalie taarifa ya habari. Kitindamimba akanijibu bila kuinua kichwa: "Baba, kuna foleni." Kaka yake anamalizia hesabu, dada yake ana sayansi, halafu bibi yao kaahidiwa kwaya moja nzima kabla hajalala. Nikauliza, baada ya bibi ni mimi? Akafikiri. Akasema baada ya bibi kishikwambi kinapumzika, mama ndivyo alivyosema.