Maji Nimeshaomba

Kiingereza cha kuombea maji kina watetezi wengi na hakihitaji msaada wangu: kiu ni kiu, na mwenye glasi ataelewa. Kiingereza fasaha nacho kina balozi na mabenki ya kukisemea. Leo namtetea yatima wa katikati, yaani Kiingereza cha mtu aliyekwisha kuomba maji, akapewa, akanywa, kisha akaulizwa ana maoni gani kuhusu glasi.

Hicho ndicho changu. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya liliwapangia wanaojifunza lugha ngazi sita, na kwenye ile ya nne, B2, ndipo nilipopiga kambi. Nilifika hapo kihalali. Miaka 7 ya shule ya msingi Kiingereza kilikuwa mgeni wa vipindi vichache kwa wiki. Miaka 6 ya sekondari mgeni akakabidhiwa nyumba nzima. Kisha nikaingia chuo kikuu kusomea uchoraji. Natokea Mugumu, na jina hilo peke yake lingetosha kunitetea. Kule mtoto huanza na Kikurya, au Kingoreme, au Kiikoma, Kiswahili anakikuta njiani, na ulimi wake unapokifikia Kiingereza umeshaamua kuipenda R kuliko L, wala hauombi radhi.

Nianze na fadhila iliyonipatia maksi. Mwaka wa pili tulitundika kazi zetu ukutani, kila mmoja asimame aieleze yake mbele ya mhadhiri. Nilikuwa nimechora ng'ombe wa bibi akipelekwa mnadani. Ng'ombe mwenyewe ni mweupe. Pichani alikuwa wa bluu. Sababu ilikuwa fupi tu: tyubu ya rangi nyeupe, ambayo mchoraji yeyote asiye na hela anajua ndiyo huwahi kuisha, ilikauka nikiwa bado kwenye pembe. Mhadhiri akauliza kwa nini bluu. Kwa Kiswahili ningesema rangi iliniishia na mfuko ulikuwa mtupu. Kwa Kiingereza nilitafuta, nikakosa, nikasema nilichokipata: weupe umekwisha.

Chumba kikanyamaza. Mhadhiri akavua miwani. Aliyekaa mbele akaanza kuandika. Kufikia dakika ya tano ng'ombe wa bibi alikuwa ameshaung'oa ukoloni Mara nzima, na ile bluu ya mwilini ilikuwa Ziwa Victoria likidai jina lake la zamani. Nilitaka kusahihisha, naapa. Lakini kusahihisha kulihitaji ile sentensi yenye "ningali" mbili, ambayo kwa Kiswahili naitamka hata usingizini, ila kwa Kiingereza huniacha kituoni na mizigo yangu. Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu mwenye mengi moyoni. Maksi nilizopewa siku ile sijaziona tena. Mwenzangu mmoja, aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, aliieleza kazi yake kwa dakika kumi, bila kukwama, mpaka sote tukaelewa kwamba hakuwa na la kueleza. Ufasaha ulimvua nguo hadharani. Upungufu wangu ulinisitiri.

Kiingereza changu kinachekesha pia, bila kukusudia, na uchekeshaji wa namna hiyo ndio bora. Wiki ya kwanza tuliambiwa tuchore "still life". Najua "still" ni bado, na "life" ni maisha. Nikakaa mbele ya mtungi na maembe matatu nikiwaza: bado maisha, maisha bado, ni kauli ya matumaini hii au ni malalamiko? Baadaye nikasoma kwamba Wafaransa, kwa mtungi uleule na maembe yaleyale, husema "nature morte", asili iliyokufa. Basi waliosoma vizuri nao wako vitani: huku vitu viko hai vimetulia tu, kule vimeshazikwa. Mimi niliye katikati nikayala maembe.

Watu husema Kiingereza hiki ni mzigo. Waangalieni waliokikamilisha! Jirani yetu wa Butiama alirudi na shahada yake ya Edinburgh mwaka 1952, na malipo yake yakawa nini? Akiwa na nchi nzima ya kuiendesha, bado akawa na Shakespeare wa kumtafsiri: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mimi hakuna atakayenitwika mzigo huo. Naye Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi za mafuta za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, wageni wakanunua, akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha jina lake kwa mtindo mzima wa uchoraji. Sijasikia popote kwamba alidaiwa maelezo ya msanii ya maneno 300. Ningezaliwa wakati wake, nisingekuwa na haja ya kuandika sifa hizi.

Lakini utukufu wenyewe uko nyumbani, wakati wa likizo. Magari ya watalii yanayokwenda Fort Ikoma yakisimama dukani, mimi ndiye naitwa. Barua za wafadhili, maelekezo ya taa za sola, vyote vinaletwa kwetu. Chuoni ni bubu, Mugumu ni mkalimani mkuu, na Kiingereza ni kilekile, hakijaongezeka hata neno moja kwenye basi.

Likizo iliyopita mzee jirani alikuja na chupa ya dawa ya kupe. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. "Mura, wewe ndiye msomi. Hii inasemaje?"

Nikasoma. Sentensi ya kwanza ilisema itikiswe. Hiyo ni ya daraja langu. Ya pili ilikuwa na neno ambalo hatujawahi kukutana, nikalipita kwa sauti nzito na bila kupunguza mwendo. Ya tatu ilikuwa ya kipimo cha maji, na tarakimu, Mungu ashukuriwe, hazina Kiingereza. Mzee alisikiliza kwa makini, akaichukua chupa aitazame mwenyewe, akaigeuza. Upande wa nyuma maelezo yote yalikuwa kwa Kiswahili.

Tukayatazama wote wawili.

"Aa," akasema, "huku ni kwa wale wasiosoma." Akairudisha chupa upande wa Kiingereza, akanipa. "Endelea, mura."