Daladala ya Angani

Konda wa daladala ya Ihumwa akisema "songeni nyuma, nafasi bado ipo," tunamwita mroho. Januari 24, 2021, kampuni ya roketi ya SpaceX ilipakia satelaiti 143 kwenye roketi moja, na dunia ikapiga makofi.

Aprili 15, 2023, Kenya nayo ikadandia. Taifa-1, kisanduku cha satelaiti kisichofika hata nusu ya debe la alizeti, kilipaa kutoka Vandenberg, Marekani, kikiwa kimebanwa na abiria wengine. Nauli kwa kilo, kama mzigo wa gunia. Halafu roketi haikufikishi mlangoni: mnashushwa kwa zamu karibu njia ileile, na asiye na injini yake aridhike hapohapo.

Kushushwa kabla ya mlango tunakujua. Jana nililipa hadi mjini, katikati ya safari konda akatangaza: "Gari linageuza!"