Shujaa wa Turubai

Nawaunga mkono waandishi wa riwaya za vijana wanaotuletea mghushi wa michoro kama shujaa wa vita. Vijana wanahitaji mfano wa kuigwa, na Han van Meegeren wa Uholanzi yupo. Wenzake wakijificha darini, yeye alijitoa mhanga kununua majumba. Alichora "Vermeer" wake, yaani mchoro bandia wa mchoraji huyo wa kale, akautia kwenye tanuri mpaka rangi ikakakamaa kizee, akaufikisha mikononi mwa Göring, kigogo wa Wanazi. Na uzalendo huo hakumwambia mtu mpaka alipokamatwa mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha. Unyenyekevu ulioje! Kile kitabu cha michoro yake kilichokutwa kwenye maktaba ya Hitler, kikiwa na sahihi ya van Meegeren mwenyewe, nacho bila shaka kilikuwa mbinu ya kivita.

Wapo watakaomtaja Willem Arondeus, naye mchoraji, naye mghushi. Jamani, huyo alighushi vitambulisho! Kikaratasi kisicho na fremu, kisichopigwa mnada, cha kumwokoa Myahudi mmoja tu kwa wakati mmoja. Machi 1943, yeye na wenzake wakalipua ofisi ya kumbukumbu za wakazi wa Amsterdam, Wanazi wasipate pa kuhakikishia vitambulisho hivyo. Julai akapigwa risasi.

Sasa kijana wa miaka kumi na mitano asome nini hapo? Hakuna tanuri, hakuna mamilioni, hakuna Göring aliyetapeliwa. Na kwenye jalada la kitabu mngeweka picha gani, ya kabati la mafaili?