Yai la Saa Nane

Macho yangu ni makavu, ndiyo maana yanatoa machozi kutwa nzima. Najua haiingii akilini. Hata daktari ilibidi anichoree kwenye karatasi. Kwenye ukingo wa kila kope kuna tezi ndogondogo, thelathini hivi juu na ishirini na ushee chini, kazi yake kutoa mafuta ya kufunika machozi yasikauke. Zangu zimeziba. Mafuta yamegandia humo kama mafuta ya nazi kwenye chupa asubuhi za mwezi wa saba. Basi jicho linakauka, linawasha, linaita maji, maji yanakuja ya mafuriko, yote yanaishia shavuni.

Tezi zenyewe, alisema, zilielezwa na Mjerumani Heinrich Meibom mwaka 1666. Nikajiandaa kusikia dawa kali. Akaniambia: kitambaa cha maji ya moto, dakika kumi, kisha kukanda kope taratibu kuelekea ukingoni. Asubuhi na usiku.

Asubuhi sina neno, usiku sina neno. Kazi ipo mchana. Ofisini kiyoyozi kinanipulizia usoni, na rimoti anayo mhasibu mmoja anayesikia joto hata mvua ikinyesha. Halafu kuna kompyuta, ambayo mtu akiikodolea anasahau kupepesa macho.

Nina matone, yale ya vichupa vya kutumia mara moja. Tone la kwanza huenda sikioni, la pili kwenye kola. La tatu likiingia, baada ya muda nalionja kooni, maana jicho lina mfereji unaoshukia puani. Siku moja meneja alinikuta katika hali hiyo, kichwa nyuma, mashavu yamelowa. "Pole sana, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani." Nilipaswa kumweleza. Nilichukua begi.

Yai nililigundua kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo letu. Kitambaa kinapoa kabla hujahesabu hamsini, lakini yai lililotoka sufuriani linashika joto. Unalifunga kwenye leso, unalijaribu kwanza kwenye kiwiko kama maziwa ya mtoto, likiwa vuguvugu unafumba macho na kuliweka. Kushoto, kulia, kushoto. Mafuta yanayeyuka na dunia inarudi kuwa na kingo. Tatizo ni kwamba unafanya hivyo kwenye benchi, saa nane mchana, katikati ya watu wanaokula wali maharage.

"Kapigwa huyo," nikasikia.

"Na nani?"

"Nani tena? Si ameoa?"

Mzee mmoja hakukubali. Yai na jicho, alisema, hayo ni mambo ya mganga, na mimi ama nilikuwa natolewa kitu au namtupia mtu. Benchi likapata nafasi ghafla. Sikufumbua macho, zilikuwa zimebaki dakika nne na yai nimelilipia.

Mama ntilie ndiye aliyeniokoa. "Mwacheni kaka wa watu," akapaza sauti kutoka jikoni. "Anaatamia."

Tangu hapo sina jina jingine pale. Nikitokea tu kwenye kona naulizwa, "Tetea, leo la kula au la kuatamia?" Ukweli ni kwamba la kuatamia nalila pia, siwezi kutupa shilingi mia tano. Nalimenya, natia chumvi, napasua katikati na kujaza pilipili ya kusaga.

Wiki iliyopita nilimaliza kula nikakumbuka kwamba sijakanda kope. Nikafumba macho, nikakanda taratibu kuelekea ukingoni kama nilivyoelekezwa, kwa vidole vilevile.

Meneja alinikuta kwenye ngazi, nimeushika ukuta. Safari hii alinipa siku tatu.