Sifa za Ndege ya Mtumba

Gari lililopita miaka minane tangu kuundwa haliruhusiwi kuingia nchini kupitia bandari ya Mombasa. Probox ya miaka tisa, hata iwe imetunzwa na bibi kizee wa Kijapani aliyekuwa akiendea sokoni tu, hurudi ilikotoka. Lakini jeti ndogo ya matajiri iliyotoka kiwandani Wichita mwaka 1974, yenye viti vya ngozi na kisahani cha majivu ya sigara kando ya kila kiti, haiguswi na sheria hiyo ya magari. Imepita miaka hamsini na bado inatafuta mchumba. Sisi wa Nyeri tumewahi kumsifu ng'ombe wa gredi anayekula kuliko anavyokamuliwa. Tumeisifu Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kisha ikaja kutusukumisha kila asubuhi ya mvua. Ndege hii tumeinyima haki yake, na leo ninairudishia.

Sifa yake ya kwanza ni unyenyekevu wa bei. Cessna Citation 500, ambayo ya kwanza kabisa iliruka Septemba 1969, ilikuwa jeti isiyo na makuu. Ilikuwa ya polepole mno kati ya jeti wenzake, hata marubani wakaitania kwamba hugongwa na ndege wenye manyoya kutoka nyuma. Siku hizi iliyochakaa kiasi hupatikana kwa dola laki mbili hadi tatu, yaani shilingi milioni 26 hadi 39 ukihesabu dola kwa shilingi 130. Pesa hizo hazikujengei ghorofa ya maana mjini Nyeri. Zinakupa injini mbili, mabawa, na haki ya kutamka "ndege yangu" katika mkutano wa wazazi shuleni bila kuongopa.

Sifa ya pili ni ukarimu, na hapa naomba nikae kidogo. Jeti kuukuu ni harambee isiyofungwa, na mwenyewe ndiye mgeni wa heshima kila Jumamosi. Injini za Citation hiyo ni JT15D za Pratt & Whitney Canada. Kila moja hufunguliwa na kukarabatiwa yote baada ya saa 3,500 za kuruka, na nusu ya muda huo ikifika, sehemu zake za moto hukaguliwa. Gharama ya kukarabati zote mbili huweza kuzidi bei uliyolipia ndege nzima. Broka hatakuficha, ameandika saa zilizobaki pale chini, kwa herufi ndogo, baada ya picha nane za viti. Kwa hivyo ukiona jeti inauzwa kwa bei ya trekta, hesabu kwanza saa zilizosalia ndani ya injini. Hizo ndizo bidhaa. Mabawa ni kifungashio.

Baada ya injini, wenye kupokea hujipanga foleni. Wapo marubani wawili, ambao lazima wapelekwe mara kwa mara kwenye mashine ya kuigiza safari wakafanye mazoezi ya injini kuzimika. Yupo mwenye hanga, mwenye bima, fundi mwenye laiseni, muuza spea wa Marekani anayekutumia boliti moja kwa bei ya ndama. Ikiruka inakula, ikilala inakula zaidi, maana raba hukauka, betri hufa na unyevu hupata pa kuishi. Nawajua wenye mali wa huku kwetu ambao mchango wa paa la kanisa huwatoa jasho. Wape jeti ya 1974. Katika mwaka mmoja watakuwa wamelisha familia ambazo hawatazifahamu hata kwa majina, na hakuna mzee wa kanisa aliyelazimika kupiga magoti.

Sifa ya tatu ni kwamba inamlazimisha tajiri kusoma. Mnunuzi wa gari hupiga tairi teke, akafungua boneti, akasikiliza injini huku amekunja uso. Wa ndege huanza na vitabu vya kumbukumbu, ambamo kila ukarabati na kila kifaa kilichobadilishwa kimeandikwa na kutiwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kikikosekana kitabu kimoja, thamani huporomoka, kwa sababu kifaa kisicho na historia huhesabiwa kuwa kimekwisha. Halafu fundi wako, namaanisha wako, asiyekunywa chai na muuzaji, hupenyeza kamera nyembamba ndani ya injini kuyatazama mapanga madogo yaliyomo. Hufungua sakafu kutafuta kutu, hasa chini ya choo, maana choo kilichovuja enzi za Nixon bado kinaendelea na kazi yake. Iliyolala jangwani Arizona huwa na bati safi na raba zilizopasuka; iliyolala karibu na bahari huwa kinyume chake. Muuzaji atakueleza kwa furaha ilikoruka. Muulize ilikolala.

Umri wenyewe si aibu. Kinachoichosha ndege ni kuvimba na kunywea: kila inapopanda, hewa hushindiliwa ndani ili abiria wapumue, na mwili hutanuka kidogo, inaposhuka, hurudi. Ndiyo maana wakaguzi huhesabu mizunguko pamoja na saa. Somo hilo lilinunuliwa ghali, na sehemu ya hadithi yake ilipita karibu nasi. Tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, aliyepanda hoteli ya mtini ya Treetops akiwa binti wa mfalme na kushuka akiwa malkia, aliondoka Nanyuki kwa Dakota ya East African Airways hadi Entebbe. Tarehe 2 Mei mwaka huo huo, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria kwa ratiba, de Havilland Comet, ilifungua njia ya London hadi Johannesburg, nayo ikatua Entebbe. Mapema mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani, kwa sababu bati lilikuwa limechoka na hakuna aliyejua kulihesabia. Dakota, ambayo haikushindiliwa hewa hata kidogo, ingali inaruka hapa na pale mpaka leo. Comet utazikuta katika majumba ya makumbusho.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye akili za Nyeri hawezi kukaa na ndege kuukuu. Mwai Kibaki wa Othaya, mchumi aliyejua thamani ya shilingi, alikaa nayo miaka kumi. Alipoingia Ikulu mwishoni mwa 2002 alirithi Fokker 70 iliyonunuliwa na mtangulizi wake mwaka 1995. Kiwanda cha Fokker kilifilisika Machi 1996, kabla hata harufu ya upya haijaitoka ndege yetu, na Fokker 70 zilizoundwa duniani hazikufika hamsini. Tazama uaminifu huo: kufiwa na mama ukiwa mchanga na bado ubebe marais kwa miongo kadhaa. Rais William Ruto alipokwenda Marekani Mei 2024 kwa ndege ya kukodi kutoka Abu Dhabi, Wakenya waliuliza kwa hasira kwa nini yatima wetu ameachwa nyumbani. Sijapata kuona taifa zima likitetea chombo kikuukuu kwa mapenzi namna ile. Serikali ya Kibaki ndiyo pia iliyonunua ndege za kivita F-5 kumi na tano zilizokwisha kutumiwa na Jordan, kwa shilingi zipatazo bilioni 1.5, ziungane na dada zao katika kambi ya Laikipia pale Nanyuki. Magazeti yakauliza kama ule ni ununuzi au ni mazishi. Mimi nasema ulikuwa mtumba, na mtumba mzuri huchaguliwa mapema, bandali inapofunguliwa.

Kuna mahali ambapo kusifu lazima kusimame. Januari 2003, serikali mpya ikiwa na wiki chache tu, ndege iliyobeba mawaziri ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Busia, na Waziri wa Kazi Ahmad Khalifa akafa pamoja na marubani. Ilikuwa Gulfstream I, ndege ya wafanyabiashara ambayo kiwanda kiliacha kuiunda mwaka 1969. Julai mwaka huo huo, ndege ya kukodi iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, wakafa watu 14. Mlima unaonekana wazi alfajiri kutoka Nyeri, na saa nne umekwisha kujifunika. Mnunuzi akimaliza kuuliza bei, amuulize rubani wake kuhusu saa hizo.

Tuseme sasa umeinunua. Italala wapi? Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini za zamani huipumua kwa taabu, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ili ipae. Nyaribo, hapo karibu na mji wetu, ni kiwanja kidogo, na jeti ni chombo kinachofyonza kila kokoto iliyolegea. Kwa hivyo itakaa Nairobi. Wewe utakaa Nyeri. Siku ukitaka kuruka utapanda matatu ya 2NK, upite Karatina, Sagana na Makutano ukiwa umebana begi magotini kwa kilomita 150 hivi, ufike, ndipo uanze kuwa tajiri. Sifa hii sikuitarajia, lakini naikubali: hakuna gari la kifahari linalomfanya mwenyewe asafiri na wananchi kwa bidii kiasi hicho.

Wala usidhani kwamba ndege zilizozeeka ni mambo ya marais na mabwana pekee. Miraa inayokatwa Maua na Laare, huko Meru, alfajiri hukimbizwa kwa pikapu hadi Nairobi, ikapandishwa ndege kwenda Mogadishu kabla majani hayajanyauka, na miongoni mwa ndege zilizoibeba ni Fokker 50, mtoto mwingine wa kiwanda kile kilichokufa. Somalia ilipofunga mlango Machi 2020, na kuufungua Julai 2022, Meru ilijua ni nani aliyekuwa akiilisha. Hakuna aliyeuliza umri wa ndege hizo.

Sifa ya mwisho ni kwamba jeti kuukuu hufa kwa faida. Siku ukichoka, wapo wanunuzi wanaoichinja: injini zikiwa bado na saa, magurudumu, vifaa vya rubani, kila kitu huenda peke yake, na mara nyingi vipande huleta zaidi ya ile nzima. Kinachobaki ni kiwiliwili chenye madirisha na mlango usiopitisha upepo. Kipakie kwenye lori, kilete shambani. Mlango ni mwembamba mno kwa Friesian, lakini kuku wataingia bila shida, na hata baridi ya Julai itawakuta wamekaa kwenye ngozi.